Tupeane uzoefu: Programu zilizoitwa "za mifumo yote" zilikubalije kwenye Linux yako?

Mwanzisha mada, fundi wa kompyuta, Mwanza mjini

Habari za majukumu, wanajukwaa. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanaofika kwangu wana laptopu zenye nguvu ya kutosha lakini hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa inayotakiwa na Windows 11, na baadhi yao huondoka na Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni mifumo ya bure ya familia ya Linux. Kusakinisha mfumo wenyewe si shida tena. Shida huanza mteja anapochomeka fleshi yake na kuuliza, "Na hii programu yangu je? Aliyeniuzia alisema inafanya kazi kwenye mfumo wowote."

Naomba tupeane uzoefu wa jambo hilo tu: programu iliyotangazwa kuwa ni ya mifumo yote ilikwamia wapi ilipofika kwenye Linux, nanyi mlifanyaje. Tafadhali tajeni toleo la mfumo na maneno ya kosa lililojitokeza, kwa sababu ushauri wa "futa usakinishe upya" haumsaidii mtu anayelipia bando kwa kila anachopakua.

Nianze mimi. Ninapoletewa programu ya namna hii huuliza mambo mawili: inakuja na nini, na inatarajia kukuta nini kwenye mashine. Java, lugha ya kuandikia programu, ni mfano ulio wazi. Sun Microsystems iliitangaza mwaka 1995 kwa ahadi kwamba ukiandika mara moja utaendesha popote, na kwa sehemu kubwa ahadi hiyo ni ya kweli, ila "popote" ni pale tu palipo na Java ya toleo linalofaa. Mteja wangu mmoja alikuwa na programu ya stoo iliyoandikwa kwa Java 8, na madirisha yake yalichorwa kwa JavaFX. Java 8 ya Oracle ilikuwa na JavaFX ndani yake, lakini toleo la 11 la mwaka 2018 liliiondoa, pamoja na Java Web Start, njia ya kuanzisha programu za Java kutoka kwenye tovuti. Kwa hiyo Mint yenye OpenJDK 17, yaani Java huria ya toleo la 17, iliisoma faili vizuri kabisa, kisha ikalalamika kwamba haioni sehemu za javafx. Nilipakua Java ya toleo la 8 iliyofungashwa pamoja na JavaFX, nikaiweka kwenye folda yake peke yake, na kuandika faili fupi ya kuanzishia programu inayoita Java hiyo kwa njia yake kamili. Java ya mfumo sikuigusa, na sishauri mtu aiguse kwa ajili ya programu moja.

Mwalimu wa sekondari, Sengerema

Nashukuru kwa mada, fundi. Shuleni kwetu tunatumia programu ya kuandaa ripoti za wanafunzi, nayo pia ni ya Java, iliyoandikwa na kijana aliyesoma hapa hapa na ambaye siku zote alifanyia kazi Windows. Kwenye Ubuntu ilifunguka bila matata, alama zikaingia, wastani ukakokotolewa, lakini nembo ya shule haikuonekana na ripoti zilizohifadhiwa hazikuwemo kwenye folda yake.

Tulipoianzisha kutoka kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, tuliona sababu zote mbili. Ndani ya programu picha iliitwa "nembo.png" ilhali faili yenyewe ilikuwa "Nembo.PNG", Windows huyahesabu majina hayo kuwa kitu kimoja, lakini mfumo wa faili wa ext4 unaotumika kwa kawaida kwenye Linux huyatofautisha. Sababu ya pili ilinichekesha. Mwandishi alitenganisha folda na faili kwa mkwaju wa nyuma, kama ilivyo desturi ya Windows, na kwa kuwa kwenye Linux mkwaju huo ni herufi halali ya jina, tulikuta faili moja ndefu iitwayo "ripoti\kidato2.pdf" imekaa nje, wakati folda ya ripoti ilikuwa tupu. Kwa muda tulitengeneza kiungo chenye jina la herufi ndogo kinachoelekea kwenye nembo halisi, na kijana akaja kurekebisha njia za faili kwa kuiachia Java yenyewe ichague alama ya kutenganisha. Marekebisho hayo hayakuharibu chochote upande wa Windows, na ndiyo maana naona kosa la namna hii lirudishwe kwa mwandishi wa programu badala ya fundi kulifunika kila mara kwa viungo.

Mdau wa Mwaloni, Kirumba

Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa, na mkasa wangu ni mrefu kidogo kwa sababu unahusu mizani. Tuna mizani ya kidijitali inayotuma uzito kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na programu inayousoma imeandikwa kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu. Muuzaji aliapa kwamba .NET sasa ni ya mifumo yote. Alisema kweli nusu: tangu mwaka 2016 ipo .NET ya chanzo huria inayofanya kazi kwenye Linux, lakini WinForms, yaani sehemu inayochora madirisha na vitufe vya programu kama hii, imebaki kuwa ya Windows. Hivyo hapakuwa na namna ya kuiendesha moja kwa moja.

Nikageukia Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, ambao hautengenezi kompyuta ya kuigiza bali hupokea maombi ambayo programu huyaelekeza kwa Windows na kuyatekeleza kwa njia za Linux. Wine huja na mbadala wake wa .NET uitwao Wine Mono, na kwa programu hii ulitosha. Madirisha yote yakafunguka, hata risiti zikachapwa. Uzito ndio haukusoma.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ruhusa. Linux ilikuwa imeiona mizani kama /dev/ttyUSB0, lakini kwenye Ubuntu na Debian mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa bandari hiyo mpaka awe kwenye kundi liitwalo dialout. Nilijiongeza kwa amri ya `sudo usermod -aG dialout` ikifuatiwa na jina langu la mtumiaji, kisha nikatoka kwenye akaunti na kuingia tena, maana bila kutoka mabadiliko hayo hayaonekani.

Kikwazo cha pili ndicho kinachowashinda wengi. Programu za Windows huziita bandari hizi COM1, COM2 na kuendelea. Wine huzipa namba zake yenyewe, na zile za USB huanzia COM33, ilhali orodha ya programu yetu iliishia COM8. Mizani ilikuwepo, ila kwa jina ambalo programu haikuwa na mahali pa kulichagulia. Nilifungua rejista ya Wine, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kwa amri ya `wine regedit`, nikaenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, nikaongeza thamani ya maandishi iitwayo COM1 yenye /dev/ttyUSB0, kisha nikaizima Wine yote kwa `wineserver -k` kabla ya kuianzisha upya. Uzito ulianza kusoma papo hapo, na kompyuta hiyo ndiyo tunayopimia hadi leo.

Mwandishi wa programu, Pasiansi

Poleni na kazi. Nichangie kutoka upande wa wanaotengeneza. Ofisini kwetu tuna programu ya mapokezi ya hoteli iliyojengwa kwa Electron, teknolojia iliyoanzia GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell. Kwa kipimo cha mwanzisha mada, programu ya Electron huja na karibu kila kitu, kwa sababu hubeba Chromium (kivinjari) na Node.js (kiendeshaji cha JavaScript) ndani yake, na ndiyo sababu programu yenye fomu moja tu inaweza kuzidi megabaiti mia. Pamoja na uzito wote huo, bado kuna mambo ambayo hutarajia kuyakuta kwenye mashine.

Jambo la kwanza ni glibc, maktaba ya msingi ya mfumo. Sehemu yetu ya hifadhidata tuliikusanya (yaani tuliigeuza kutoka msimbo kuwa programu) kwenye Ubuntu 22.04 yenye glibc 2.35, na mteja mwenye Ubuntu 20.04, ambayo ina 2.31, akakutana na ujumbe kwamba "GLIBC_2.34" haikupatikana. Kilichokusanywa kwenye mfumo wa zamani hukubali kwenye mpya, lakini kinyume chake hakikubali, kwa hiyo siku hizi tunakusanya kwenye toleo la zamani kuliko yote tunayoyahudumia. Tafadhali msijaribu kupandisha glibc ya mfumo kwa mkono ili kuiridhisha programu moja. Mnaweza kubaki na kompyuta isiyowaka.

Jambo la pili linahusu AppImage, yaani programu nzima iliyofungwa katika faili moja. Nyingi kati ya faili hizo zinahitaji maktaba ya libfuse2, ambayo Ubuntu haiji nayo kuanzia 22.04. Kwenye 22.04 kifurushi kinaitwa libfuse2 na kwenye 24.04 kinaitwa libfuse2t64. Kuweni waangalifu msisakinishe kifurushi kiitwacho fuse peke yake kwenye 22.04, kwani kinaweza kuondoa sehemu ambazo mazingira ya dawati yanazitegemea.

La tatu ni ulinzi. Ubuntu 24.04 inazuia, kupitia AppArmor (kinga yake ya ndani), njia ambayo Chromium huitumia kujitenga na sehemu nyingine za mfumo, na programu nyingi za Electron zilizo katika AppImage hufa zikilalamikia "sandbox", yaani utengano huo. Mtandaoni wanashauri kuongeza `--no-sandbox`. Mimi nalipinga hilo kwa programu yoyote inayofungua kurasa za nje, kwa sababu unaondoa ukuta unaotenganisha ukurasa wa mtu usiyemjua na faili zako. Sisi tumeacha AppImage kwa wateja wa Ubuntu, tunawapa kifurushi cha .deb, aina ya kawaida ya kusakinishia kwenye Ubuntu na Debian, ambacho huweka kanuni yake ya AppArmor wakati wa kusakinishwa.

Mtafiti wa uvuvi, Nyegezi

Kazi yangu ni ramani za mialo na maeneo ya mazalia ya samaki, na QGIS, programu huria ya ramani, ndiyo ninayoitumia kila siku. Hii ni ya mifumo yote kikwelikweli, tangu Gary Sherman alipoianzisha mwaka 2002 hadi leo. Tatizo langu lilikuwa umri wa toleo: Ubuntu 22.04 hutoa QGIS 3.22, ilhali wenzangu walinitumia miradi iliyohifadhiwa kwenye matoleo mapya zaidi. Nikachukua ile ya Flatpak, njia ya kufungasha programu pamoja na mahitaji yake.

Ilifunguka vizuri, lakini diski ya nje yenye vipimo vyote vya ziwa haikuonekana. Flatpak huiweka programu kama samaki wa kufugwa kwenye kizimba ziwani: maji ni yale yale, lakini haendi asikoruhusiwa. Niliipa ruhusa ya kufika /media kupitia programu ndogo ya Flatseal, na diski ikaonekana. Viongezi viwili vilivyohitaji maktaba za Python zilizosakinishwa kwenye mfumo vilikataa kabisa, kwa sababu Python iliyomo kizimbani si ile ya nje. Mwishowe nilihamia kwenye ghala la vifurushi la mradi wa QGIS wenyewe, ambalo linatoa matoleo mapya ya Ubuntu na Debian bila kizimba. Kwa mtu asiyetumia viongezi, Flatpak inatosha.

Kwa wanaobadilishana miradi na watu wa Windows: hakikisheni njia za data zimehifadhiwa kwa uhusiano na faili ya mradi. Ukipokea mradi unaotaja D:\, Linux haina D ya kuitafuta.

Katibu muhtasi, Nyamagana

LibreOffice haikunisumbua kuifungua. Barua ndizo zilizobadilika, mistari ikaruka na sahihi ya bosi ikaangukia ukurasa wa pili, kwa sababu fonti za Calibri na Cambria hazimo. Nilisakinisha Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, na kurasa zikarudi mahali pake.

Mwanafunzi, Nansio, Ukerewe

Mwalimu wa Sengerema, shikamoo. Nami nina la kusema kuhusu bando, kwa kuwa huku kisiwani ndilo linaloamua utumie programu gani. Nilidhani Flatpak haifai kwetu kwa ukubwa wake, lakini sehemu kubwa ya upakuaji wa kwanza ni mazingira ya pamoja, na programu ya pili inayotumia mazingira hayo hayo hupakua kidogo tu.

Zaidi ya hapo, Flatpak ina njia rasmi ya kusafirisha programu kwa fleshi. Nikiwa Mwanza kwenye intaneti nzuri nasakinisha programu, kisha naandika `flatpak create-usb`, njia ya fleshi na kitambulisho cha programu. Nikirudi Nansio nasakinisha kwa kuongeza `--sideload-repo` inayoelekea kwenye folda ya .ostree/repo iliyomo ndani ya fleshi. Sharti ni kwamba kompyuta zote mbili ziwe zimewekewa kitambulisho cha mkusanyiko mapema, kwa amri hii: `flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub`, na ziwe na prosesa za aina moja.

Mwanzisha mada

Hilo la fleshi linanifaa sana, mdogo wangu, nitalijaribu kwa wateja wangu wa visiwani. Kwa vifurushi vya .deb mimi natumia apt-cacher-ng, programu inayohifadhi nakala za vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye kompyuta moja ya dukani. Nyingine zote huchukua kutoka kwake kupitia bandari ya 3142, na kifurushi kilichopakuliwa mara moja hakilipiwi tena.

Mdau wa Igoma

Ndugu wa Mwaloni, nimefuata hatua zako kwa mizani ya duka la nafaka. Niko kwenye Ubuntu 22.04. Nikichomeka waya, /dev/ttyUSB0 hutokea kisha hutoweka hapo hapo, hata kabla ya kufungua Wine.

Mdau wa Mwaloni, Kirumba

Andika `sudo dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, mara tu baada ya kuchomeka, kaka. Ukiona waya ni wa aina ya CH340, wenye namba 1a86:7523, na chini yake limetajwa jina la brltty, basi anayeuchukua ni huduma ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu, ambayo kwenye toleo hilo huudhani waya huo kuwa ni kifaa chake. Kama hakuna mtumiaji asiyeona kwenye kompyuta hiyo, ondoa kifurushi cha brltty kwa apt, chomoa waya na uchomeke tena. Yupo anayekitumia? Usikiondoe; tafuta waya wenye chipu nyingine, kisha uendelee na hatua ya rejista kama nilivyoeleza.