Kikundi: Nyumbani Kibosho

*Ndeshi:* Shikamooni wakubwa. Usiku wa jana tawi la mgrevilea limeangukia waya, umeme umerudi alfajiri. Babu tumemvusha na mtungi wa oksijeni. Nipo dukani Moshi mjini, nataka betri ya mashine yake ya oksijeni. Muuzaji ananipa moja ya jeli, volti 12 Ah 100, anasema inatosha usiku kucha. Nilipe?

*Mjomba Eli:* Marahaba. Usilipe kwanza. Mashine imeandikwa wati ngapi? Kibandiko kipo nyuma.

*Mama Aika:* Niko naye chumbani. 350W.

*Mjomba Eli:* Ah ni ampia-saa, kiasi cha umeme betri inachobeba. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Ila jeli ni betri ya madini ya risasi, ukiishusha chini ya nusu kila mara inakufa mapema. Zinabaki 600. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inakula kama asilimia 15, unabaki na 510. Gawa kwa 350.

*Anande:* Saa moja na nusu hivi 😳

*Mjomba Eli:* Ndiyo. Umeme ukienda saa nne, saa tano na nusu Mzee hana mashine.

*Ndeshi:* Mungu wangu. Sasa inatakiwa ipi?

*Mjomba Eli:* Semeni kwanza masaa mangapi.

*Mama Aika:* Masika hii ukikatika saa tatu unaweza kurudi saa kumi na moja, kaka.

*Mjomba Eli:* Basi 8. 350 × 8 = 2,800. Gawa kwa 0.85 kwa ajili ya inveta, inakuja 3,300 hivi. Kwa betri za risasi zidisha mara mbili, 6,600, gawa kwa volti 12: Ah 550. Hizo ni betri tatu za Ah 200, na kuzibeba ni kazi. Lithiamu unatumia asilimia 80 bila kuiumiza. Mbili za volti 12.8 Ah 200 zina 5,120, zinatosha na akiba inabaki. Mimi nachagua hizo hata kama itabidi tuchange zaidi.

*Baba Aika:* Tukiweka na taa na TV?

*Mjomba Eli:* Taa moja ya wati 7 wekeni, usiku mzima ni 56 tu, na anayemwangalia Mzee lazima aone. TV na friji hapana shemeji. Hizi betri ni za pumzi yake.

*Anande:* Paneli je?

*Mjomba Eli:* Baadaye. Umeme ukirudi zitachajiwa na umeme. Ila chaja iwe ya lithiamu! Ya ampia 10 inaingiza kama wati 130, kujaza 3,300 ni zaidi ya siku nzima, na kesho usiku unakatika tena. Chukua ya ampia 50, masaa matano sita imemaliza. Inveta iwe ya wati 1,000, maana mota ikianza inavuta zaidi, na iwe ya kutoa umeme laini kama wa ukutani. Waya nene, fyuzi karibu na betri.

*Ndeshi:* Ana lithiamu moja tu ya Ah 200. Ya pili inafika Ijumaa.

*Mjomba Eli:* Chukua hiyo, inatupa karibu masaa matano. Mwekee oda ya pili ya aina hiyohiyo. Mtungi usirudishwe, hata zikiwa mbili, na mita yake ikaguliwe kila jioni.

*Mama Aika:* Imebaki robo.

*Baba Aika:* Nakuja na pikapu. Ndeshi nisubiri hapo dukani, tupitie kuujaza mtungi kabla hatujapanda Kibosho.