Hatimaye nimepata Alfa Romeo Giulia Super niliyoitafuta miaka kumi na minne: je, niiondoe injini yake?

Mwenye Giulia (Lubumbashi)

Salamu kwenu wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote. Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu ambacho hakitapatikana tena.

Nilipokuwa mtoto, nikipita Bel-Air kuelekea shule, nilikuwa naiona Giulia nyeupe chini ya mwembe, kwa mkandarasi mmoja Mwitaliano. Alipoondoka alimwachia dereva wake gari hilo, dereva akahamia Likasi, na tangu hapo nikapoteza habari zake. Miaka kumi na minne iliyopita nilianza kulitafuta kwa dhati, Likasi, Kipushi, hata kwa wauza vyuma chakavu, nikiogopa kwamba siku moja ningekuta mlango wake tu. Mwezi uliopita nililikuta Kampemba, nyuma ya ghala, mikononi mwa mjane wa yule dereva. Mama huyo alikuwa amewakatalia wanunuzi wa vyuma mara nyingi, kwa sababu marehemu alimwomba asiruhusu gari likatwe. Aliniuzia baada ya mimi kumwahidi jambo hilo hilo.

Hali yake ni hii. Vioo vyote vipo isipokuwa cha nyuma. Sakafu upande wa dereva imetoboka, na mihimili ya chini ya milango imevimba kwa kutu. Kabureta mbili za Weber zipo, lakini chujio la hewa halipo. Injini haizunguki kabisa, na maji yaliyotoka kwenye radieta yalikuwa ya kahawia kama chai.

Fundi wangu, ambaye namheshimu na ambaye hajawahi kunidanganya, ananishauri niitoe injini hii na kuweka ya Toyota, kwa kuwa vipuri vya Toyota vinapatikana sokoni siku yoyote. Fedha nilizonazo zinatosha kazi moja kubwa mwaka huu, injini au bodi, si zote mbili. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Fundi Mstaafu wa Katuba

Mwanangu, hongera. Kabla ya yote, soma namba iliyogongwa kwenye injini. Ikiwa inaanza na AR 00526, hiyo ni injini ya aina iliyotoka kiwandani na Giulia Super ya sentimita za ujazo 1570, na gari lenyewe ni la aina 105.26.

Sasa kuhusu kukwama kwake. Usithubutu kutumia stata wala kulisukuma gari likiwa kwenye gia. Toa buji (plagi) zote nne, mimina mafuta mepesi ya kupenyeza ndani ya kila silinda, uache siku kadhaa huku ukiongeza kidogo kidogo, kisha ujaribu kuzungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, kwa mkono, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Gari lililokaa muda mrefu mara nyingi hukwamishwa na ringi zilizoshika kutu, na kutu ya namna hiyo hulegea kwa subira.

Jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hawalijui, kwa kuwa wamezoea injini za chuma, ni kwamba bloku ya Alfa ni ya aluminiamu, na ndani yake zimechomekwa silinda za chuma, yaani shemizi, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Shemizi hizo hubanwa na kichwa cha injini kutoka juu, na chini huzuiwa na pete za mpira. Ukishatoa kichwa, usizungushe injini hata robo mzunguko kabla hujazibana shemizi kwa vyuma na nati, kwa sababu pistoni zitaziinua, pete zitaachia, na maji yataingia kwenye mafuta. Nimeona injini nzima ikiharibika kwa kosa hilo moja, na aliyelifanya alikuwa fundi hodari.

Hayo maji ya kahawia yananisumbua kuliko kukwama kwenyewe. Maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu hula aluminiamu, kwa hiyo kichwa kikitoka, chunguza njia za maji na uso wake wote. Valvu za kutolea moshi zina sodiamu ndani. Usikubali mtu azikate, azitoboe au azitupe motoni, kwa kuwa sodiamu hulipuka ikikutana na maji.

Mimi injini hiyo nisingeitoa.

Kijana wa Kenia (Lubumbashi)

Yaya, ndugu yangu mkubwa, naomba nimtetee fundi wako, maana shauri lake limetokana na uzoefu. Gasketi moja ya Alfa ikiharibika, gari linaweza kusimama wiki nyingi likisubiri kifurushi kutoka Italia au Ujerumani. Lakini Giulia haina shasi iliyojitenga na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kuingiza injini nyingine na sanduku lingine la gia kutamlazimu kukata sakafu ya katikati, kuhamisha vishikilio vya injini na kutengeneza upya shafti ya kwenda nyuma. Umemwahidi mama yule kwamba gari halitakatwa, na kazi hiyo haifanyiki bila kukata.

Mama wa Rangi, Kampemba

Mwenzangu amenigusia ninalotaka kusema. Ninaendesha karakana ya bodi na rangi, na jibu langu ni kwamba uanze na bodi, hata kama moyo unakuvuta kusikia sauti ya injini. Injini iliyotiwa mafuta na kufunikwa inaweza kungoja mwaka mzima, ilhali kutu haitangoja, hasa mvua zikianza Novemba.

Usikubali kabisa mihimili hiyo ijazwe mastiki na kupakwa rangi. Inapaswa kukatwa hadi kwenye bati zima na kuchomelewa mipya. Na hapa usiogope neno kukata, kwani kuondoa bati lililooza ili gari lirudi kama lilivyokuwa si kulikatakata. Kabla ya msumeno kugusa chochote, chomelea vyuma vya muda ndani ya nafasi za milango na uliegemeze gari mahali penye usawa, maana bodi ikilegea milango haitafunga tena. Fanyeni upande mmoja, umalizike, ndipo muende wa pili. Kagueni pia sehemu za kuwekea jeki, chumba cha gurudumu la akiba na sehemu ya chini mbele ya radieta.

Kama umeme wenu hupanda na kushuka, chomeleeni kwa jenereta, kwa sababu mshono uliochomwa kwa nguvu ndogo unang'aa juu na haujashika ndani. Bati likiwa tupu, lipakwe praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Praima ya kawaida hunyonya unyevu, na baada ya masika moja utaona malengelenge chini ya rangi.

Mwenye Giulia

Asanteni sana. Nimesoma namba: inaanza na AR 00526. Nimefuata maelekezo ya mzee kwa siku tisa, na jana jioni nati ya puli ilisogea kama upana wa kidole. Leo asubuhi injini imefanya mzunguko mzima kwa spana. Nilimwita fundi wangu aje aone, akashika spana mwenyewe, akazungusha mara tatu bila kusema neno, kisha akaniomba nimwonyeshe maelezo ya zile shemizi.

Injini inabaki. Mzee, naomba unieleze jambo moja: niivunje sasa au niifunike?

Fundi Mstaafu wa Katuba

Ifunike, mwanangu. Paka mafuta ndani ya silinda, rudisha buji, ziba midomo ya kabureta, na uizungushe kwa mkono kila wiki. Wakati wa kuivunja ukifika, agiza seti nzima ya gasketi na pete za shemizi kwa ndege, kwa kuwa ni nyepesi, kabla ya kufungua nati ya kwanza. Chujio la hewa lipatikane pia kabla ya kuwasha, kwani vumbi jekundu la mji huu litazila silinda hizo upesi. Na kwa kuwa tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1200, hewa yetu ni nyepesi, hivyo huenda jeti za petroli, yaani vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, zikahitaji kupunguzwa kidogo.

Mama wa Rangi, Kampemba

Na mihimili ikwangueni kwanza hadi bati lionekane, kisha uweke picha hapa kabla hamjakata. Nitakuonyesha mahali pa kuishia.