Nimelipa laki nne na ishirini kwenda kuangalia ziwa kwenye simu ya mtu

Mchumi wa Kimanga (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia nyumbani saa kumi alfajiri, sijaoga, matope ya Rungwe yako mpaka kwenye masikio, na nimewasha kompyuta kabla hata ya kubandika chai.

Yule jamaa wa matripu. Simtaji, uzi usije ukafutwa. Na mnamjua. Kofia ya pama, miwani myeusi mpaka saa mbili usiku, kipaza sauti ndani ya kosta wakati watu wa kiti cha nyuma wanamsikia akinong'ona, na lile neno lake: "Familiaaaa!" Huyo huyo. Familia gani inayodai hela ya akiba siku tatu kabla?

Tangazo lake lilisema "Pasaka Nyanda za Juu Kusini, kila kitu ndani". Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu, Kitulo, Matema. Laki nne na ishirini. Nikasema kila mwaka Pasaka nakula pilau na kulala, mwaka huu na mimi nikaone nchi yangu.

Niende moja kwa moja kwenye tukio, maana nikilifikiria mikono inatetemeka.

Jumamosi, Ngosi. Njia ya gari kutoka Isongole ilikuwa uji, tukashushwa, tukakanyaga. Ule mlima si wa maneno. Unaingia msitu mnene, mizizi imelala njiani kama majoka, ukivuka miti unakuta mianzi, halafu kile kipande cha mwisho unapanda kwa mikono na magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa. Mvua inashuka, sisi tunapanda. Kiatu changu kimoja kilibaki kwenye tope, nikarudi kukifukua kwa kijiti. Dada mmoja alikuja na sendo za kung'aa, alifika juu na kamba tu. Saa mbili na nusu za kupanda, wakuu. Nimefika kwenye ukingo, moyo unagonga mpaka kwenye meno, nikainua macho nilione ziwa.

Nyeupe pe. Ukungu. Nilinyoosha mkono, vidole sikuviona. Nikauliza, "Ziwa liko wapi?" Jamaa akaja, kofia ya pama haina hata tone la tope (mpaka leo sielewi aliifanyaje), akatoa simu mfukoni, akaifuta kwenye shati langu. SHATI LANGU. Akafungua picha ya ziwa, la bluu, jua linawaka, akaniwekea mbele ya pua:

"Mzee wangu, hili hapa. Tazama vizuri, tushuke."

Watu thelathini na tatu wakacheka. Nina miaka thelathini na nane. Mzee wake?

Mengine ni ya juu juu. Siku ya kwanza ratiba ilisema "Safari ya wanyama Mikumi". Wote mnajua lami ya kwenda Iringa inakata katikati ya hifadhi, kila lori la Tunduma linapita pale na halijiiti mtalii. Dereva alipunguza mwendo kwa kuogopa faini ya kugonga mnyama, jamaa akashika kipaza sauti: "Familia, huu ndio muda wa picha!" Nimeona swala watatu na mgongo wa kitu alichosema ni tembo. Kile kilikuwa kichuguu. Daraja la Mungu tumekaa dakika kumi na mbili, na ni kitu cha ajabu kweli, mwamba wa volkano umejilaza juu ya mto Kiwira kama mtu kaujenga, ungetaka ukae hata saa nzima uusikilize mto. Dakika kumi na mbili! Kijungu, pale mto huo huo unapozama kwenye chungu cha mwamba, tulikiona kwa kukimbia. Kitulo, ile hifadhi ya maua, kosta ilishindwa njiani, tukageuza. Nikauliza, na maua je? Akanijibu maua "yamefungwa kwa Pasaka". Maua. Yamefungwa.

Matema ndiyo nilikuwa nimeanza kupoa. Ziwa Nyasa limetulia, Milima ya Livingstone imesimama pembeni, nimekaa kwenye mchanga na ndizi zangu na samaki. Akaja kwa nyuma. "Mzee wangu, si ulikuwa unalilia ziwa? Hilo hapo, tena kubwa kuliko la kwanza."

Akaifuta ile simu kwenye shati langu, wakuu. Narudia. Kwenye shati langu.

Nilichorudi nacho ni mafua na mchele wa Kyela kilo hamsini, ambao nao nilikaa nao miguuni kutoka Kyela mpaka Mbezi maana buti ilijaa spika zake.

Bisi na Soda

Naweka kigoda hapa mbele. Endeleeni.

Nyundo ya Plastiki

Weka picha ya ziwa mkuu tuone.

Mchumi wa Kimanga

@Nyundo ya Plastiki umesoma nilichoandika au umesoma kichwa cha habari?

Nyundo ya Plastiki

Nimesoma. Weka hiyo picha aliyokuonyesha.

Mwana Tukuyu

Ndugu yangu, pole, ila na wewe una kesi ya kujibu. Nani alikwambia upande Ngosi mwezi wa nne? Rungwe ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchi hii. Mwezi wa nne sisi wenyewe wa Tukuyu kuna asubuhi hatuioni mbuzi iliyofungwa mlangoni, tunaisikia tu. Njoo mwezi wa saba au wa nane, ukifika juu unaliona lote lile chini kwenye shimo lake, rangi inabadilika kadiri wingu linavyopita. Na ujue "Ngosi" kwa lugha ya wenyeji maana yake ni kubwa.

Mchumi wa Kimanga

Kubwa, na sijaliona. Asante sana, umenisaidia kulala.

Halafu huo mwezi wa nne nimeuchagua mimi? Yeye ndiye aliyeandika "msimu bora". Alijua. Mtu asiyejua hatembei na picha ya ziwa tayari kwenye simu.

Mama Watatu

Hapo kwenye "tayari kwenye simu" nimecheka mpaka mtoto kaamka. Yaani kaibeba kama mganga anavyobeba hirizi 😂

Ila mzee wangu pole.

Mchumi wa Kimanga

@Mama Watatu USIANZE.

Kobe wa Changuu

Mzee wetu tulia, presha.

Mwana Tukuyu

Kuhusu Kitulo nimtetee kidogo jamaa, ile barabara masika si ya kosta. Ila maua kufungwa ni uongo wa wazi, kipindi cha maua kinaanza kama Desemba mpaka Aprili hiyo hiyo. Mlikosa kitu. Uwanda wote ule unakuwa kama kitenge kimeanikwa, na ndiyo maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu.

Mchumi wa Kimanga

Sasa unanitetea au unaniua?

Fundi Mabati

Huyo huyo wa kofia alitupeleka Amboni, Tanga. Watu ishirini, tochi moja, na anayo yeye. Tulipofika katikati akatuhadithia kwamba hilo pango ukilifuata unatokea Mombasa. Mimi nikaamini, nikamtumia shemeji wa Mombasa ujumbe aandae chakula. Tukatokea pale pale tulipoingilia, popo wamenichafua begani.

Shangazi wa Moshi

Nyie wa maziwa na mapango mna nafuu. Nimeenda Materuni, maporomoko mazuri, sikatai, maji yanashuka mpaka shingo inauma kuyaangalia. Ukirudi wanakuweka kwenye "kahawa ya asili". Nimemenya kahawa mimi. Nimeitwanga mimi, na kuimba nimeimba. Nimeikaanga, moshi umeingia machoni. Nimeinywa kikombe kimoja. Halafu nimelipa. Mimi baba yangu ana kihamba, shamba la ukoo, kahawa nimetwanga tangu darasa la pili, sijawahi kutozwa hela!

Kobe wa Changuu

😂😂😂 Shangazi umelipa ajira yako mwenyewe

Dereva Bajaji Mstaafu

Na Chemka? Inaitwa chemka, watu wanaiita chemchemi ya maji moto, nimebeba taulo, nimebeba na mayai niyachemshie humo. Maji ya uvuguvugu wa chai iliyosahaulika. Pazuri, bluu unaona mpaka ukucha wa mguu, lakini mayai nilirudi nayo mabichi, moja likapasukia kwenye begi.

Shangazi wa Moshi

Mayai tena jamani

Otis wa Thika

Poleni majirani. Huku kwetu nilipeleka familia Fourteen Falls. Nikahesabu saba. Bibi akahesabu tisa. Tukagombana hadi nyumbani, na ile povu ya mto Athi ilikuwa inanuka siwezi eleza. Kijana wa mashua akaniambia hizo zingine zinaonekana maji ikipungua. Sasa nirudi lini, na ni kwa ajili ya kuhesabu tu?

Nyundo ya Plastiki

Huyo kijana wa mashua na jamaa wa kofia ni ndugu.

Lori la Tunduma

Mimi nilipelekwa Mbozi kwenye kimondo. Umefika, umekizunguka, umekigusa, umepiga picha, umemaliza. Dakika nne. Nimeendesha kutoka Makambako.

Mwalimu wa Jiografia

@Lori la Tunduma ulitaka kikurukie? Lile ni pande la chuma limetoka angani, zito kuliko gari dogo, limelala pale kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Kuna kona imekatwa, walikaa na msumeno wa mkono miaka ya 1930 kutoa kipande cha kupima, na kilikuwa kigumu kama roho ya mwenye nyumba wangu. Watu mnataka kila kivutio kiwe na muziki na nyama choma.

Lori la Tunduma

Nyama choma ingesaidia, sikatai.

Mchumi wa Kimanga

Wakuu samahani, naomba turudi kwangu kidogo. Alipoifuta ile simu kwenye shati langu, kuna mtu humu anaona ni sawa? Nauliza tu. Lilikuwa shati la Pasaka.

Mama Watatu

Nani anavaa shati la Pasaka kupanda mlima?

Kobe wa Changuu

Mzee wetu.

Ndizi Mzuzu

Mleta uzi, umesema una mchele wa Kyela kilo hamsini. Ni wa Kyela kweli au ndiyo hii ya magunia yenye maandishi?

Mchumi wa Kimanga

Nimenunua Kyela kwenyewe, nimesimama juu ya mizani. Kwa nini?

Ndizi Mzuzu

Kwa sababu mjini hapa kila mchele ni wa Kyela. Nadhani ingepimwa, Kyela ingekuwa kubwa kuliko Tanzania. Wiki iliyopita nimeuziwa "Kyela super", nimepika, hauna harufu hata ya maji. Jirani hakujua kama nimepika!

Mwana Tukuyu

Hapo umesema kweli. Kyela halisi ukibandika, mtu wa nyumba ya tatu anakuja na sahani. Hiyo mingine inapita mikononi kwa madalali, wanachanganya, gunia tu ndilo la Kyela.

Shangazi wa Moshi

Ukiwa mbichi chukua punje chache usugue kiganjani, unuse. Kama haunukii, ondoka. Msinunue kwa kuangalia weupe, weupe ni mashine.

Fundi Mabati

Mimi wa Mbarali sina shida nao.

Mwana Tukuyu

@Fundi Mabati kafungue uzi wako.

Ndizi Mzuzu

Mleta uzi unauza?

Mchumi wa Kimanga

Sikuja kuuza mchele hapa, nimekuja na jambo la kudhalilishwa mbele ya watu thelathini na tatu.

Lakini kilo kumi ni za mama mkwe. Arobaini zipo. 3,800.

Ndizi Mzuzu

Fanya 3,500 nichukue ishirini.

Mchumi wa Kimanga

Mkuu, huo mchele nimeukumbatia kwa miguu kilomita zaidi ya mia nane. 3,700 na utakuja na mfuko wako.

Mama Watatu

Niwekee tano mzee wangu.

Mchumi wa Kimanga

Wewe 4,000.

Ndizi Mzuzu

Sawa 3,700. Nitumie picha ya mchele kwanza.

Mchumi wa Kimanga

Hakuna kutumiana picha. Njoo Kimanga uushike.

Fundi Mabati

Imebaki ngapi?