Nikikaa bure dakika 10 najiona kama mwizi, nifanyeje?

kikwajuni_juu:
Asalaam aleykum, mie mwenzenu sijui hata kama hili ni tatizo. Asubuhi nipo kazini, jioni napeleka wageni Paje na Nungwi, usiku nafunga oda za mafuta ya karafuu mpaka saa 6. Madeni nshalipa yote toka mwaka jana kwa hiyo si njaa, lakini kukaa siwezi. Ijumaa rafiki yangu kanivuta Jaws Corner, kijiwe cha kahawa pale Mji Mkongwe Unguja, tunywe kahawa, wazee pale kikombe wanakipulizia huku wanasogoa mpira na siasa, mie changu nshakimaliza, mguu unatikisika, simu mkononi natafuta hata meseji ya kujibu sioni. Mzee mmoja kaniuliza, "mwanangu, boti yako inaondoka saa ngapi?" Wakacheka wote, na mie sikuwa na safari yoyote. Nyumbani mtoto wangu wa miaka 5 keshazoea kuniambia "baba nikwambie ukimaliza?"

vespa_mbovu:
Hahaha sema kweli, hii umeandika umekaa au upo foleni ya petroli?

Mpemba wa Wete:
Yakhe njoo Pemba msimu wa karafuu. Si mzaha, najua utasema huko ndo kazi zaidi na kweli ni kazi, usiku mnachambua mpaka vidole vinanuka wiki nzima, lakini zikishaanikwa kwenye jamvi jua lake ni siku 4 au 5 na huna la kuliambia. Bibi yangu alikuwa anakaa kizingitini anaangalia mawingu tu, mvua ikinyemelea ndo anaruka. Mie kila nusu saa naenda kuzigeuza, akaniambia "hebu ziache, hazikujui". Nahisi nusu ya kazi zako ni kugeuza karafuu zilizokwisha geuzwa.

ummu_2:
Kaka yangu, mie nilipofiwa na mama nilipokea oda za vitumbua na mikate ya mofa mpaka silali, watu wananisifu jitihada, kumbe nakimbia chumba chake. Jiulize ukikaa kimya kinakujia nini. Mie nilianza kidogo, Alhamisi sipokei oda. Alhamisi ya kwanza nikafua mapazia ya nyumba nzima 😂 ya pili nikapanga kabati, ya tatu ndo nikakaa nikalia. We usianze na siku nzima, anza alasiri mpaka magharibi, simu mwachie mkeo. Na mtoto msikilize kabla hujamaliza, maana kumaliza hutomaliza.

kikwajuni_juu:
ummu_2 hapo umenishika, kinachonijia sitokiandika hapa. Mpemba, bibi yako ningemwogopa wallahi. Leo simu nimeiacha nyumbani, nikakaa barazani na mtoto, kanihadithia paka wa skuli kwao toka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Nusu nimesikiliza. Nusu nyingine nilikuwa nahesabu vikombe vya muuza kahawa.