Nani aliyeingiza saa kwenye hesabu za injini ya Carnot?

opereta_wa_zamu (Moshi)

Wakuu, salaam. Mimi ni opereta wa boila, kiwandani huku Moshi chini, tunachoma makapi ya miwa. Fizikia najisomea tu, maana kijana wangu yuko Arusha anasoma diploma ya mitambo, na kila likizo anakuja na madaftari yake na ubishi wake.

Ubishi wa safari hii ni Carnot, yule mhandisi Mfaransa, 1824. Ufanisi wa juu kabisa wa injini ya joto ni 1 kutoa Tc/Th, yaani jotoridi la upande wa baridi (Tc) gawanya kwa la upande wa moto (Th). Tuseme mvuke unaingia kwenye tabaini ukiwa nyuzi 320 na upande wa baridi ni 45. Geuza kuwa kelvini (jumlisha 273), unapata asilimia 46. Hiyo 46 sisi tunaisikia tu. Kijana anasema tofauti inaliwa na msuguano na mvuke unaovuja. Nimekaa na ile geji siku nyingi, hainiingii akilini kwamba vitundu vinaweza kula kiasi hicho. Halafu injini ya Carnot yenyewe inatakiwa iende polepole bila mwisho. Injini ya namna hiyo inatoa kilowati ngapi? Sifuri! Nikiendesha boila hivyo nitafukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne.

Hivi hakuna aliyewahi kupiga hesabu hii akiwa na saa mkononi?

Mwalimu Mstaafu, Sakina

Wapo, fundi. Wanaotajwa zaidi ni Curzon na Ahlborn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Makala yao ilitoka mwaka 1975 kwenye American Journal of Physics, jarida la walimu wa fizikia, na ni fupi, mtu unaimaliza jioni moja.

Injini waliiacha kamilifu, haina msuguano wala haivuji. Walichokataa ni kudanganyana kwamba joto linavuka ukuta wa boila bure. Ili joto lipite, moto lazima uzidi mvuke kwa jotoridi, na mvuke uliokwisha kazi uzidi maji ya kupoza. Ukiwa na haraka, unapanua hizo tofauti mbili, na injini iliyoko katikati inabakiwa na jotoridi kiduchu la kuchezea. Ukizibana, ufanisi unapanda na nguvu, yaani kilowati, inakufa. Kati ya hapo kuna kilele cha nguvu, na kwenye kilele ufanisi ni 1 kutoa kipeuo cha pili cha Tc/Th. Ukubwa wa boila na unene wa mabomba havimo kwenye jibu, vimefutana vyenyewe. Mimi hapo ndipo nilipovua miwani.

Mwambie kijana wako kwamba ukiziba kila tundu, hasara hiyo bado ipo.

Walilinganisha na mitambo halisi. West Thurrock ya Uingereza, ya makaa, nyuzi 565 na 25: kwa asilimia, Carnot 64, hesabu yao 40, mtambo wenyewe 36. Larderello, Italia, mvuke wa ardhini: Carnot 32, wao 17.5, halisi 16. Kinu cha nyuklia cha CANDU, Kanada: 48, 28, halisi 30. Umeona huyo wa mwisho kapita? Si ajabu. Kanuni hii si dari, inakuonyesha tu ufanisi pale nguvu inapokuwa kubwa kuliko zote.

mdau_Njiro

Mwalimu shikamoo. Naongezea kidogo. Kanuni hiyohiyo ilishaandikwa mwaka 1957 na Chambadal wa Ufaransa na Novikov wa Urusi ya Kisovieti, kila mtu kivyake, wote wakishughulika na mitambo ya nyuklia. Jina wakachukua Wakanada.

Ila uwanja wenyewe, thamodinamiki (elimu ya joto na kazi) ya muda wenye kikomo, ulijengwa Chicago na Berry, Andresen, Salamon na Nitzan, baada ya mafuta kupanda bei 1973. Makala yao ya 1977 inauliza swali pana zaidi: ukipewa muda fulani tu, ni kazi kiasi gani inawezekana, kwa mchakato wowote? Mwaka 2005 Van den Broeck wa Ubelgiji akaonyesha kwamba jotoridi mbili zikikaribiana, ufanisi kwenye kilele cha nguvu hauzidi nusu ya Carnot, bila kuhitaji habari za ukuta wa boila.

opereta_wa_zamu

Shikamoo mwalimu, na asante mdau. Nimepiga na kipeuo, imetoka 27. Sasa tunaongea lugha moja!

Ila nina neno. Makapi hatuyanunui, msimu wa miwa yanajaa uwanja mzima. Mimi kilele cha nguvu kinanifaa. Anayenunua makaa kwa tani atafuata kilele kweli, au atarudi nyuma kidogo aokoe mafuta?

Mwalimu Mstaafu, Sakina

Marahaba. Atarudi nyuma, na wapinzani wameng'ang'ania hapohapo. Gyftopoulos wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aliandika kwamba wahandisi hawabuni mitambo kwa kutafuta kilele hicho, kwa hiyo kukaribiana kwa namba hakuthibitishi kitu.

Na angalia 565 ya West Thurrock: ni ya mvuke. Moto wa makaa unazidi nyuzi 1,000, na kwenye kanuni Th ni ya chanzo cha joto. Nawe 320 yako umeisoma kwenye mvuke. Weka jotoridi la tanuri, halafu ulete jibu hapa.