Ushauri: tumerithi gari la mashindano la 1935, ndani yake kuna albamu ya Wanazi. Tuuze, tulitunze, au?

Fundi wa Kassel

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mtanivumilia. Matusi pembeni tafadhali.

Mimi ni Mtanzania, niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja, fundi bodi. Nimeoa hapahapa. Baba mkwe alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, akaacha nyumba kijijini na banda la majani ya ng'ombe. Ndani ya banda, chini ya turubai na kinyesi cha njiwa cha miaka hamsini, tukakuta gari: BMW 315/1 ya mwaka 1935, ile ya viti viwili. Silinda sita, lita moja na nusu, kabureta tatu za Solex. Wanaojua wanajua. Yalitengenezwa mia mbili na ushee tu, kiwanda cha Eisenach, kati ya 1934 na 1936. Nguvu za farasi 40, yaani Passo ya dada yako inaliacha mbali, lakini enzi hizo lilikuwa likishinda mashindano ya milimani.

Usiku ule sikulala. Chesisi haina kutu ya kutisha, bodi haijaguswa na nyundo ya mtu, na rangi ya kiwandani imebaki kama theluthi mbili. Kwa sisi mafundi hiyo ni dhahabu.

Balaa lilianza tulipofungua sanduku lililokuwa nyuma ya viti. Mna albamu ya picha. Babu yake mke wangu alikuwa NSKK, kile kikosi cha magari cha chama cha Hitler. Picha za mashindano ya matopeni, mzee na sare yake, gari hilihili na bendera ya swastika. Kwenye bonneti kuna matundu mawili palipokuwa na beji. Beji yenyewe imo sandukuni, imefungwa kwenye leso.

Mke wangu anataka albamu ichomwe hata leo. Shemeji anataka gari liuzwe wagawane, ana madeni yake. Na kuna mtu amepiga simu, sijui alipata wapi habari, anataka vyote pamoja: gari, albamu, beji. Bei aliyotaja inazidi thamani ya gari kwa mbali. Nikamuuliza beji anaitakia nini, akacheka.

Mimi natamani tulitengeneze tubaki nalo, niwe naenda nalo kwenye maonyesho. Ila nitasimamaje pale, mimi na weusi wangu huu, watu wakiuliza lilikuwa la nani?

Halafu swali la kifundi: yale matundu niyazibe au niyaache?

Chuma Chakavu

Mkuu unauliza maji ukiwa mtoni? Uza. Mpe na beji, mpe na albamu, mpe na kinyesi cha njiwa. Rudi Kigamboni ufungue gereji.

Mzee wa Karakana

Fundi, mimi niko Mombasa, nimekula vumbi la Safari Rally tangu zama za Datsun, kwa hiyo nakujibu kama fundi kwanza. Usizibe kitu. Usipige rangi. Rangi ya kiwandani ukishaikwangua hairudi, na yale matundu ni sehemu ya gari kama ilivyo namba ya chesisi. Ukiweka puti hapo umefuta ukurasa.

La pili, usidhani gari lenu peke yake ndilo lenye doa. Mashindano yote ya Ujerumani ya miaka ile yalikuwa mkononi mwa chama. Zile Mercedes na Auto Union (kampuni iliyokuja kuwa Audi) za rangi ya fedha zilikimbia kwa pesa ya serikali ya Hitler tangu 1934. Bernd Rosemeyer, dereva nyota wa Auto Union, alipewa cheo cha SS, kile kikosi cha Himmler ndani ya chama cha Hitler, na alipokufa Januari 1938 akitafuta rekodi ya mwendo kwenye barabara kuu ya Frankfurt walimzika kama mwanajeshi. Aprili 1940, vita tayari vimewaka, BMW 328 ilishinda mbio za Brescia kule Italia. Dereva wake Huschke von Hanstein anaonekana pichani na alama za SS kifuani. Baada ya vita huyohuyo akawa mkuu wa mashindano wa Porsche, maisha yakaendelea.

Auto Union zilizobaki zilichukuliwa na Warusi mwaka 1945. Moja iliokolewa Moscow miaka ya sabini ikiwa karibu kukatwa vyuma chakavu (samahani Chuma, si wewe), ikaenda jumba la makumbusho la Riga. Leo ukiweka gari kama hilo mnadani unaongelea mamilioni ya dola. Na kampuni hiyohiyo, kwa utafiti ambao Audi wenyewe waliugharimia na kuutoa 2014, ilitumia wafungwa zaidi ya 3,700 wa kambi za mateso wakati wa vita. Watu wanalipia mlio wa injini, hayo mengine hawataki kuyasikia.

Mimi ningelitunza. Ila albamu ikae na gari, isichomwe.

Bint Tanga

Shikamoo Mzee wa Karakana. Kaka Fundi, mimi niko Hamburg, nafanya kazi ofisi ya wakili, nakupa ninayokutana nayo.

Kukaa na albamu na beji nyumbani si kosa. Kosa ni kuonyesha hadharani au kusambaza. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza alama za Wanazi, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa au kuelezea historia. Kwa hiyo ukifunga beji kwenye bonneti ukaenda nalo maonyesho, umejitafutia kesi. Na gari likiuzwa nje ya Umoja wa Ulaya, kwa kuwa lina zaidi ya miaka 75, na likiwa na thamani inayozidi euro 50,000, linahitaji kibali cha kusafirisha mali ya utamaduni. Huyo mnunuzi mwulize yuko nchi gani. Akikwepa, umeshamjua.

Mama Zuhura

Mwanangu, mimi niko Muscat, magari siyajui. Ninalolijua ni hili: wewe ni mkwe. Gari ni la mkeo na kaka yake. Usije ukawa ndiye unayepaza sauti kuliko wenye baba yao, hata kama una haki. Shemeji mwenye madeni usimwaibishe, kaa naye chini, kunyweni chai, mwache aseme. Na mkeo usimlazimishe kuitazama albamu. Huyo pichani ni babu yake.

Chuma Chakavu

Ila kusema ukweli siwaelewi. Mtu mweusi unakosa usingizi kwa mambo ya Wazungu na Wazungu wenzao? Yalishapita. Babu alinunua, babu amekufa, gari lenu. Mbona mnalikuza?

Mjukuu wa Lindi

Chuma, hapa nakupinga. Sisi kila siku tunapiga kelele kuhusu mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin, amechimbwa hapa kwetu 1909 hadi 1913. Familia ya Chifu Songea Mbano mpaka leo inatafuta fuvu lake, na Novemba 2023 rais wa Ujerumani alikwenda Songea mwenyewe kuomba radhi kwa ajili ya Majimaji. Sisi tukiuliza "kilitoka kwa nani na kwa njia gani" tunasema ni haki. Wakiulizwa wengine iwe kukuza mambo?

Fundi, nina swali moja. Gari ni la 1935. Picha za babu akiwa na gari hilo zinaanza mwaka gani?

Fundi wa Kassel

Asanteni wote. Shikamoo Mzee wangu, shikamoo Mama Zuhura, maneno yako nimeyapokea.

Mjukuu, umenifanya nirudi sandukuni. Picha za zamani, 1936 na 1937, babu yuko kwenye pikipiki. Gari linaonekana kiangazi cha 1939 tu, kurasa mbili za mwisho. Kwenye familia inasemwa alilinunua kwa daktari mmoja wa Kassel aliyekuwa anahama. Na karatasi ya mauziano ipo, imekunjwa ndani ya kadi ya gari. Februari 1939, Reichsmark 400 (pesa ya Ujerumani ya enzi hizo), sahihi mbili. Jina la daktari siliandiki hapa, ila ni jina la kwanza, kisha Israel, kisha la ukoo. Nikasema huyu lazima alikuwa mlokole. Mimi mwenyewe nina binamu Mbeya anaitwa Israel.

Bint Tanga

Kaka Fundi, kaa chini kwanza.

Hilo Israel hakupewa na mama yake. Kuanzia 1 Januari 1939 kila mwanamume Myahudi Ujerumani ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya serikali ya majina ya Kiyahudi alilazimishwa kuongeza "Israel", na kila mwanamke "Sara", na kulitumia kwenye kila hati. Hayo ni maandishi ya sheria ya Wanazi ndani ya sahihi ya mtu.

Ongeza na haya. Madaktari Wayahudi walifutiwa leseni ya kazi 30 Septemba 1938. Tarehe 3 Desemba 1938 Himmler, mkuu wa SS na polisi, akatoa amri kufuta leseni zao za udereva na kuwakataza kumiliki magari. Kwa hiyo Februari 1939 huyo daktari hakuwa anauza gari kwa kupenda. Hakuruhusiwa kuwa nalo.

Mzee wa Karakana

Subhanallah.

Gari hilo likiwa jipya lilikuwa zaidi ya Reichsmark 5,000. Miaka minne baadaye 400? Hata mimi nikinunua kwa mtu mwenye msiba simlalii bei kiasi hicho. Nilikuwa nahubiri rangi ya kiwandani, kumbe aliyelinunua na rangi hiyo ndiye hatujamuuliza.

Bint Tanga

Na hizo 400, Mzee, yawezekana hazikumfikia mkononi. Waliokuwa wanaondoka walikatwa kodi ya kuhama, fedha zao zikawekwa kwenye akaunti zilizofungwa, na mtu alivuka mpaka na Reichsmark 10.

Fundi wa Kassel

Nimesoma, nikaenda kukaa bandani. Kwa hiyo mimi sasa nimekalia mali ya wizi?

Bint Tanga

Kwa sheria, baada ya vita Kassel ilikuwa upande uliotawaliwa na Wamarekani. Sheria yao ya 1947 ya kurudisha mali iliweka mwisho wa kudai 31 Desemba 1948. Sioni polisi wa kukugongea mlango kwa ajili hiyo, ila mpelekeeni wakili karatasi yenyewe aione. Na zile kanuni za Washington za 1998 zilizokubaliwa na mataifa 44 zinahusu kazi za sanaa, si gari la mtu bandani. Kwa hiyo aliyebaki ni wewe na mkeo na shemeji. Ila muuzaji yeyote wa maana ataisoma hiyo karatasi, na mkiificha mnamdanganya mnunuzi.

Anzieni hapa. Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, wana kitabu cha kumbukumbu cha Wayahudi wa Ujerumani waliouawa, kiko mtandaoni, unatafuta kwa jina. Hifadhi ya Arolsen, ya nyaraka za walioteswa na Wanazi, haiko mbali na nyumbani kwako, ina nyaraka zaidi ya milioni 30, kuuliza ni bure. Hifadhi ya mji wa Kassel uliza kadi ya ukaazi. Na kama anuani imo kwenye karatasi, nenda mtaa huo utazame chini. Yale matofali madogo ya shaba mbele ya milango huwa na majina ya waliokaa hapo wakateswa na Wanazi.

Jirani wa Parklands

Naongezea kutoka Nairobi: msisahau kwamba Wayahudi wengine waliokimbia walifika hadi huku Kenya 1938 na 1939. Wengi zaidi walienda Uingereza. London kuna jumuiya ya wakimbizi hao iliyoanzishwa 1941, ina jarida, watu hutafutana humo.

Chuma Chakavu

Sawa, nakiri sikujua hilo la jina. Lakini shemeji wa watu ana madeni na yeye hakumwibia mtu. Msimsahau.

Fundi wa Kassel

Wiki tatu baadaye, narudi na majibu.

Mtaa nilienda Jumapili na mke wangu. Namba ile sasa ni maegesho ya duka, mji ulipigwa mabomu sana 1943. Tukatazama chini upande wote ule, hakuna tofali. Kwenye kitabu cha kumbukumbu jina lake halimo. Wiki iliyofuata hifadhi ya mji wakatupata kadi: daktari, mke, binti mmoja wa miaka minne, wameondoka Mei 1939, wameandikwa London. Huyo binti kama yupo atakuwa anagonga tisini.

Mke wangu ndiye aliyeandika barua ya London, mimi nilipeleka posta tu. Albamu haichomi tena. Ameitoa kwenye sanduku akaiweka kabatini pamoja na ile karatasi, anasema viwili hivyo visitenganishwe. Mnunuzi nilimwambia beji haiuzwi, akakata simu.

Shemeji tulikunywa naye chai kama Mama Zuhura alivyosema. Mara ya kwanza alinyanyuka akaondoka. Mara ya pili alisema tusubiri jibu hadi Krismasi, kisha tuzungumze pesa. Hajafurahi, na simlaumu.

Mama Zuhura

Subirini. Na mpelekee shemeji chakula, asione mnamkumbuka kwa gari tu.

Mzee wa Karakana

Na kabureta?

Fundi wa Kassel

Ziko mezani Mzee. Mbili nzima, ya tatu ina ufa kwenye bakuli la petroli. Nimezisafisha nikazifunga kwenye kitambaa. Injini sijaiwasha, na matundu ya bonneti yako palepale.