Kuku wa nyama: soya badala ya mukene (dagaa)?

MfugajiMasaka: Jamani wakubwa, nina broila 200 hapa Masaka. Mukene imepanda bei alafu nusu yake mchanga, juzi nimeosha kiganja kimoja kwenye beseni chini ikabaki tope tupu. Nikaanza kuwapa soya niliyosaga mbichi, sasa wana wiki 3 na wamedumaa, kinyesi majimaji. Nimekosea wapi?

Mama Vifaranga: Pole sana ndugu yangu. Shida ni hiyo soya mbichi, ina kitu kinazuia kuku kusaga protini tumboni, kwa hiyo wanakula tu na hawakui. Kaanga kwenye sufuria pana moto wa wastani huku unageuza bila kuacha, mpaka rangi iwe kahawia kidogo na inukie kama karanga, ukiuma punje ivunjike kavu, hapo ndo usage. Ila usiunguze maana ukiunguza protini nayo inaharibika.

Okello_Lira: Huku kwetu mashudu ya alizeti yapo mengi, mimi nachanganya na soya iliyokaangwa. Usiweke alizeti peke yake, ina nyuzinyuzi nyingi na laisini kidogo (sehemu ya protini ambayo kuku anaihitaji ili akue). Vifaranga wanataka protini kama 22%, wakubwa hata 19% inatosha. Mashudu ya pamba kaa nayo mbali, yana sumu ya gosipoli.

MfugajiMasaka: Asanteni sana, nakaanga leo leo. Na mukene niache kabisa?

Mama Vifaranga: Bakiza kidogo kwa vifaranga, ila ioshe na uianike kwanza.